Roy Keane na Robbie Keane si ndugu

Kaka, uliuliza kama wanasoka wa Ireland Roy Keane na Robbie Keane ni ndugu. Hapana, hao wanashiriki jina tu. Roy ni wa Cork, alizaliwa 1971. Robbie ni wa Dublin, 1980. Keane ni jina la Kiayalandi Ó Catháin lililoandikwa Kiingereza, na hiyo "Ó" maana yake uzao wa fulani, kwa hiyo ni jina la ukoo wa zamani na wenye nalo ni wengi. Hata Kane mara nyingi hutokea hukohuko, na baba yake Harry Kane, mshambuliaji wa England, ni mtu wa Galway, Ireland.

Kinachowachanganya watu nadhani ni Kombe la Dunia 2002. Roy, nahodha, aligombana na kocha Mick McCarthy kambini kwenye kisiwa cha Saipan, akarudishwa nyumbani kabla hata mpira haujaanza. Halafu Robbie akaja kuwasawazishia Wajerumani dakika za nyongeza, 1-1. Keane mmoja yuko kwao na mbwa wake, mwingine anashangilia bao kwa sarakasi uwanjani! Robbie alistaafu na mabao 68 ya timu ya taifa, rekodi ya Ireland.

Nje ya mpira yupo mwandishi wa habari Fergal Keane, aliyeripoti kwa BBC mauaji ya kimbari ya Rwanda 1994.