Kompaila ya Rust inakataa testi yangu ya Vec

SWALI: Habari zenu, naandika testi ya Vec (orodha inayoweza kukua) kwenye lugha ya Rust, nimeweka `let a = &v[0];` kisha `v.push(4);` halafu `assert_eq!(*a, 1);` basi kompaila inanipa kosa E0502 (mikopo inayogongana). Testi ndogo hivi, kosa liko wapi?

JIBU: Nzuri ndugu, na pole. Kompaila imekuokoa hapo. Vec inapanga vitu vyake mfululizo kwenye memori, nafasi ikijaa push inaomba sehemu kubwa zaidi, inahamishia kila kitu huko na ile ya zamani inaachiwa, sasa `a` yako ingebaki inaelekeza kwenye nyumba uliyokwisha kuhama. C++ ingekubali kosa hilohilo bila neno, programu ikaja kukuharibikia baadaye. Na hata kama nafasi bado ipo Rust itakataa tu, maana push inataka mkopo wa kubadilisha, `&mut` na wewe bado umeshika mkopo wa kusoma tu, `&`.

Dawa: kama ni namba toa hiyo `&`, thamani inajikopi yenyewe (toa na ile `*` kwenye assert). Kama ni String (maandishi) weka `.clone()` upate nakala, kwenye testi gharama yake wala usiiwaze. Au pandisha assert juu ya push, siku hizi mkopo unaisha pale unapotumika mara ya mwisho, sio mwisho wa bloku kama enzi za kabla ya Rust 2018. Tafadhali usikimbilie `unsafe` (kodi ambayo usalama wake wa memori unaubeba wewe, sio kompaila) ili testi ipite tu.

Ukikutana na E0382 (kutumia kitu kilichokwisha kuhamishwa) baada ya `for x in v`, lupu imemeza vekta nzima, andika `&v`.