Mtoto Ameshapita, Picha Bado

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Tuna kamera ndogo ya dijitali ambayo shemeji yangu alituletea miaka mingi iliyopita. Inatoa picha safi, lakini kila nikibonyeza kitufe inakawia, na picha inapotoka mtoto ameshageuka. Siku ya komunyo ya kwanza ya binti yangu, nilipata mgongo wake tu. Muuzaji ananishauri ninunue yenye megapikseli nyingi zaidi. Je, hiyo ndiyo dawa? (Mama wa watatu, Katuba)

JIBU: Mama mpendwa, hapana, na ninakuomba usitoe fedha zako kwa sababu hiyo. Megapikseli ni hesabu ya vitone vinavyounda picha, na husaidia unapotaka kuchapa picha kubwa ya kutundika ukutani. Haziongezi wepesi hata kidogo. Mtoto anayekimbia mita tatu kwa sekunde katika lupango (ua wa nyumba) huwa amesogea mita moja na nusu ikiwa kamera itakawia nusu sekunde, na kamera nyingi ndogo za miaka ya 2000 zilikawia kiasi hicho au zaidi.

Sehemu kubwa ya muda huo hupotea katika kutafuta fokasi, yaani kurekebisha lenzi hadi picha iwe kali. Kamera ndogo za zamani hutazama ukali wa mistari iliyo katika picha: lenzi husogezwa mbele, hupitiliza, hurudishwa nyuma, hadi mistari ionekane wazi, na ndani ya nyumba yenye taa moja hafifu kazi hiyo huwa ndefu zaidi kwa kuwa mistari yenyewe haionekani vizuri. Njia ya pili, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya kamera kubwa zenye kioo cha ndani, hulinganisha miale inayopitia pande mbili za lenzi, hivyo kamera hujua papo hapo isogeze lenzi upande gani na kwa kiasi gani. Baadaye njia hiyo iliingizwa kwenye sensa yenyewe, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha: Canon EOS 70D ya mwaka 2013 ilikuwa nayo, na Sony a6000 ya mwaka 2014 ilikuwa na nukta 179 za namna hiyo, pamoja na uwezo wa kupiga picha 11 kwa sekunde. Ninazitaja hizi mbili kwa sababu kamera za umri huo huuzwa zikiwa zimekwisha kutumika, na kwa picha za familia bado zina wepesi wa kutosha. Ukipewa kamera ya zamani zaidi yenye kioo cha ndani, chungulia kwenye kitundu chake badala ya kutazama skrini ya nyuma, maana nyingi kati yake zikitumia skrini hurudia ile njia ya polepole.

Usikubali maneno ya dukani kabla ya kupima. Washa saa ya kupimia sekunde kwenye simu yako, ielekezee kamera ukiwa kwenye kona isiyo na mwanga mwingi, kisha ubonyeze kitufe moja kwa moja inapofika sekunde ya tano. Namba itakayoonekana kwenye picha itakuonyesha kuchelewa kwake. Ndani yake kuna kuchelewa kwa kidole chako pia, lakini ukipima kamera mbili kwa mkono uleule, tofauti kati yake itakuwa ya kuaminika. Pima pia muda unaopita tangu kuiwasha hadi picha ya kwanza, kwa sababu watoto hawatoi taarifa kabla ya kucheka.

Hata hivyo, kabla ya kununua chochote, ijaribu upya kamera uliyo nayo. Bonyeza kitufe nusu tu, usubiri alama ya fokasi, ukishikilie hapohapo, kisha umalizie kubonyeza wakati mtoto anapofika mahali ulipopalenga. Pale kanisani ungeweza kulenga sakafu ambayo binti yako angepitia, umbali uleule, akiwa bado altareni, na kumngoja huku kidole kikiwa tayari. Ndani ya nyumba, lenga mahali kola nyeupe inapokutana na shingo, kwa kuwa hapo kamera hupata mstari wa kushika. Zima pia ile kazi ya flashi ya kuondoa macho mekundu: humulika kwanza, hungoja, ndipo hupiga, na mtoto akiona mwanga wa kwanza hudhani picha imekwisha kupigwa, akaondoka zake. Sina shaka kwamba kazi hiyo imewanyima wazazi picha nyingi kuliko ilivyowasaidia.

Kuna kosa lingine linalofanana na ukawiaji, nalo ni ukungu wa mwendo. Ikiwa mtoto ameonekana mahali sahihi lakini mikono yake imefifia, kamera iliwahi. Ila shata, lile pazia dogo linalofunguka kupitisha mwanga, ilibaki wazi kwa muda mrefu mno. Kwa watoto wanaokimbia, weka kasi ya shata 1/500 ya sekunde na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Lenzi ya f/1.8, yenye tundu pana, hupokea mwanga mwingi kuliko lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, na ikiwa fedha ni chache, ningenunua kamera ya bei nafuu ili nipate lenzi hiyo.

SWALI: Kamera yangu hupiga picha mfululizo, lakini baada ya chache inakwama. Je, imeharibika? (Msomaji wa Kampemba)

JIBU: Inaelekea ni kadi ya kuhifadhia picha, ndugu yangu. Picha huhifadhiwa kwanza katika kumbukumbu ya muda ya kamera, na ikijaa, kamera hungoja kadi iandike. Tazama alama ndogo: 10 ndani ya herufi C ni megabaiti 10 kwa sekunde kwa uchache, na V30 ni 30. Ile namba kubwa iliyoandikwa usoni mwa kadi kwa kawaida huhusu kusoma, si kuandika. Ukiwa unapiga RAW (faili kubwa la picha ghafi), badili uwe JPEG (faili dogo lililobanwa) kwanza, ujaribu tena na kadi hiyohiyo kabla ya kununua nyingine.