Kuangalia kidonda bila kukata nyama

Umeuliza kama kuna njia ya kujua kidonda kinapona kwa ndani bila kukata kipande cha ngozi. Ipo, na mi naona ndo njia bora maana ukikata unaongeza kidonda kingine na pale pale huwezi kupapima tena. Kuna kipimo kinaitwa OCT, kinafanya kazi kama ultrasaundi ila kinatumia mwanga badala ya sauti, kinaona milimita 1 hadi 2 hivi chini ya ngozi, so unaona ngozi mpya ikitambaa toka pembeni kuziba kidonda, na aina nyingine zake zinaonyesha hadi mishipa midogo ya damu. Kidonda kikiwa kimeingia ndani sana hapo mwanga haufiki, ultrasaundi inasaidia zaidi.