Muulize Mzee Sumni: Swala wa shilingi mia na mkebe wa bibi

Barua zenu za mwezi huu nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: "Hii sarafu yangu ni shilingi ngapi?" Nimechagua tano. Waliotuma picha zilizopigwa usiku kwa mwanga wa koroboi, naomba wazipige tena asubuhi karibu na dirisha, pande zote mbili za sarafu.

Shikamoo Mzee Sumni. Mimi ni konda wa daladala, Mbagala–Kariakoo. Sarafu zinapita mikononi mwangu kutwa nzima. Jamaa wa kijiweni anasema zipo zilizokosewa kiwandani na zina hela ndefu. Nitazijuaje, na abiria wananisubiri chenji?
*Konda wa Mbagala, Dar es Salaam*

Marahaba, kijana wangu. Una nafasi nzuri kuliko niliyokuwa nayo mimi keshia. Benki sarafu zilitufikia kwenye mifuko, tukazipima kwa uzito, basi. Wewe unazishika moja moja.

Ila usizikague njiani. Konda anayesoma sarafu gari likiwa Mtoni kwa Azizi Ali, abiria watamsoma yeye. Subiri jioni, kabla hujapeleka hesabu kwa tajiri, uzimwage mezani. Ukiona unayoitaka, weka mia yako mahali pake, hesabu ya mtu isipungue.

Anza na mia, ile yenye Mwalimu upande mmoja na swala upande wa pili. Ishike kwa vidole viwili, kimoja juu ya kichwa cha Mwalimu na kingine chini ya shingo yake, kisha izungushe kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Swala wanatakiwa watokee wamesimama wima. Wakiegemea kidogo sana, achana nayo, hiyo ni kawaida. Wakilala ubavu, au miguu ikiwa juu, ujue mihuri miwili ya kuchapia haikufungwa sawasawa, na hiyo iweke kando. Fanya hivyohivyo kwa hamsini ya faru yenye Mzee Mwinyi, mia mbili ya simba yenye Mzee Karume, na mia tano ya nyati iliyokuja mwaka 2014. Ukishazoea, mkono wenyewe utakustua.

La pili ni picha iliyohama. Kipande cha chuma hakikukaa katikati wakati wa kuchapwa, basi upande mmoja unabaki mtupu kama mwezi mchanga na upande mwingine maandishi yanakatika. Hapa wengi wanadanganyika, maana sarafu zetu zinapondwa na magari, zinachomwa, zinatobolewa na mafundi wa mikufu. Tofauti iko hivi: iliyopondwa barabarani maandishi yake yamelala na kusambaa. Iliyokosewa kiwandani, kilichochapwa kimechapwa vizuri kabisa, ila mahali si pake.

La tatu ndilo gumu: herufi zinazoonekana mbilimbili. Mara nyingi muhuri ulitikisika tu wakati wa kunyanyuka, ukaziburuza herufi pembeni. Ukitazama kwa lenzi unaona kivuli bapa, kimelala chini ya herufi yenyewe. Hiyo haina bei. Yenye bei ni ile ambayo muhuri wenyewe ulichongwa na herufi mbili, kwa hiyo herufi zote mbili zimenyanyuka, zina mviringo wake, na kwenye pembe zinaachana waziwazi.

Maarufu kuliko zote za namna hiyo ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, yenye picha ya Lincoln, iliyotoka kiwanda cha Philadelphia. Tarehe na maandishi yote ya upande wa kichwa yako mawilimawili, unayaona bila lenzi. Zaidi ya 20,000 ziliponyoka zikaingia mitaani. Na ziliingiaje? Enzi hizo mashine za kuuzia sigara zilipokea senti 25, na pakiti ilikuwa senti 23, hivyo chenji ya senti mbili ilifungiwa ndani ya karatasi ya nailoni ya pakiti. Wavuta sigara wa majimbo ya kaskazini mashariki ndio walioanza kuzikuta. Chenji tupu, kama hiyo yako.

Sasa soko. Ile senti ya 1955 ina bei kwa sababu Wamarekani wanaoitafuta ni wengi, na imeandikwa katika kila orodha ya bei. Mia yetu yenye swala waliolala inaweza kuwa nadra kuliko hiyo, lakini wanaoitafuta ni wachache, na bila mtafutaji nadra hailipi. Mimi ningekushauri utunze zilizokosewa wazi, na kando yake ukusanye sarafu moja safi ya mia ya kila mwaka utakaouona: 1994, 2012, 2015. Zile zisizokwaruzika za 1994 zinazidi kuwa adimu kwenye mzunguko, na hazikugharimu zaidi ya mia.

Shikamoo babu. Bibi yetu amefariki akaacha mkebe wa sarafu. Zipo zenye tundu, zipo za simba, na zipo nene za rangi ya udongo zilizoandikwa 20 HELLER 1916. Mjomba anataka tuzisugue kwa ndimu na majivu zing'ae, kuna mnunuzi anakuja Jumamosi.
*Mjukuu, Sikonge, Tabora*

Marahaba, mjukuu wangu, na poleni kwa msiba. Mwambie mjomba aweke ndimu kwenye supu.

Sarafu ya zamani ikisuguliwa inapoteza ngozi yake. Mkusanyaji haitaki tena, au ataitaka kwa robo ya bei, na hakuna namna ya kuirudisha. Hakuna ndimu, hakuna ukwaju, hakuna majivu, hakuna dawa ya meno, hakuna msasa. Kama zina udongo, ziloweke kwenye maji safi, kisha zikaushe kwa kuzigusagusa na kitambaa laini. Usifute. Halafu kila moja iingie kwenye bahasha yake ya karatasi. Mifuko ya plastiki laini ikikaa miaka huacha utelezi wa kijani unaokula shaba.

Hizo heller zimezaliwa jirani na kwenu. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, meli za Waingereza zilifunga pwani, na serikali ya Kijerumani ikakaukiwa sarafu. Mwaka 1916 wakaanza kuzipiga wenyewe katika karakana ya reli huko Lulanguru, karibu na Tabora mjini, wakayeyusha shaba yoyote waliyoipata, hata maganda ya risasi. Ndiyo maana zimekaa kikarakana: kingo hazilingani, nyingine zimechapwa nusunusu. Herufi T unayoiona ni ya Tabora. Kazi ilikoma mwaka huohuo, kwa sababu Septemba jeshi la Wabelgiji likaingia mjini.

Kwa kuwa mihuri ilichongwa kwa haraka, haifanani, na hapo ndipo utafutaji wenyewe ulipo. Chukua lenzi uangalie mambo matatu. Kwanza taji: zipo zenye taji kubwa na zipo zenye taji dogo. Pili, tazama herufi mbili za L katikati ya neno HELLER. Kwa baadhi ncha zote mbili ni kali na zimenyooka, kwa baadhi zote mbili zimejikunja, na zipo ambazo L ya pili tu ndiyo iliyojikunja. Tatu ni madini: shaba njano ndizo nyingi, shaba nyekundu ni chache. Usikwangue ili ujue. Tazama ukingo pale palipochubuka zamani, rangi itakuambia. Zipange kwa makundi hayo, uandike kwenye bahasha, kabla mnunuzi hajafika. Mnunuzi akikuta zimepangwa hivyo, atajua hazungumzi na mtu wa kulipwa kwa kilo.

Watu watakuuliza kama kuna ya dhahabu. Karakana ileile ilipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu. Za bandia ni nyingi sana, kwa hiyo ikitokea kwenye mkebe wa mtu, aipeleke kwa sonara anayeaminika apime uzito na madini yeye akiwa amesimama hapo hapo.

Za tundu ni za Afrika Mashariki ya Mwingereza, peni (senti kumi) na ndururu (senti tano) za bibi. Tafuta za mwaka 1936 usome jina linalozunguka tundu. Ukiona EDWARDVS VIII, huyo ni mfalme aliyetawala tangu Januari akajiuzulu Desemba mwaka huohuo, hata kutawazwa hakutawazwa. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikutolewa kwa umma. Kwetu zilitumika sokoni, kwa kuwa zenye tundu hazikuhitaji picha ya mfalme, jina lilitosha. Ni sarafu yenye hadithi tamu na bei ndogo, maana zilipigwa nyingi. Angalia kama kuna herufi H au KN, alama za viwanda viwili vya Birmingham, uzitenge na zisizo na herufi.

Shilingi za simba za 1921 hadi 1946, robo ya madini yake ni fedha. Kuanzia 1948 hakuna fedha ndani. Mnunuzi wa Jumamosi akizichanganya zote kwenye mizani moja, mpe chai, aende zake.

Mzee, nimetumiwa ujumbe kuwa shilingi moja ya mwenge ya mwaka 1966 inanunuliwa milioni nane. Ninazo tatu. Wanataka kwanza nitume elfu arobaini ya kipimo cha madini.
*Mwenye Bahati, Kahama*

Usitume. Shilingi ya mwenge ya 1966 ilipigwa kwa mamilioni, na haina madini yoyote ya thamani ya kupimwa. Mnunuzi wa kweli hutoa hela, haombi. Na hao wanaosema rupia fulani ina zebaki ndani, ukiwajibu unawapa muda wa kukutapeli.

Mzee Sumni, niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi dukani. Nimepata peni 20 isiyo na mwaka popote. Ni ya bandia?
*Binti wa Pemba*

Si ya bandia, mwanangu, ila hakikisha kwanza haikufutika kwa kuchakaa. Mwaka 2008 Waingereza walibadili michoro ya sarafu zao kwa kazi ya kijana Matthew Dent. Kabla ya hapo mwaka wa peni 20 uliandikwa upande wa ua. Kwenye mchoro mpya ulihamia upande wa Malkia. Kiwandani wakaunganisha upande mpya wa ngao, uliochukua nafasi ya ua, na muhuri wa zamani wa Malkia, na mwaka ukakosa pa kukaa. Watu huinunua kwa makumi ya pauni. Anayekutangazia maelfu anauza ndoto.

Ukiwa hapo dukani, tazama pia peni 50 yenye mnara wa Kichina wa bustani ya Kew. Ya kweli ya mzunguko ni ya 2009, zilitolewa 210,000. Usisome upande wa mnara, kwa sababu 2009 imeandikwa hapo hata kwenye toleo la 2019 lililouzwa kwa wakusanyaji. Soma upande wa Malkia.

Asalaam aleikum. N'na shilingi tano mbili za Kenya, moja ina pembe saba, nyengine pembe tisa. Ipi ya kuweka?
*Mama wa Likoni, Mombasa*

Waaleikum salaam, mama. Ya pembe tisa ni ya 1973, yenye Mzee Kenyatta, ilipigwa kwa miaka kumi ya uhuru, na ni chache. Iweke. Ya pembe saba ni ya enzi za Moi, imejaa kila kabati. Hiyo wape watoto wachezee.