Andes: milima mirefu au safu ndefu?

SWALI: Asalaam aleikum, ustadhi. Nasomesha jiografia skuli moja ya Wete, Pemba. Mwanafunzi kaandika, "Andes ndiyo milima mirefu kuliko yote duniani." Nikamtilia kosa, maana mirefu kuliko yote ni Himalaya. Baba yake kaja juu, anasema kasoma kwamba Andes ndiyo ya kwanza kwa urefu. Nani ana haki?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Alama usimrejeshee, ila baba mtu naye hakuzua.

Sifa ya -refu haijali kitu kimesimama au kimelala. Mnazi ni mrefu ungali wima, na ukiangushwa ni mrefu vilevile. Kinachoamua ni nomino iliyoibeba sifa hiyo. Mlima umesimama, kwa hiyo "milima mirefu" inahusu kimo, na hapo Himalaya haina mshindani: Everest ina mita 8,849, ilhali Aconcagua, kilele kikuu cha Andes, hakifiki 7,000. Safu imelala. Andes, yenye kilomita kama 7,000 toka Venezuela hadi kusini kabisa mwa Chile na Argentina, ndiyo safu ndefu kuliko zote za nchi kavu. (Chini ya bahari iko ndefu zaidi.)

Mtego uko kwenye kitenzi. "Safu ya milima inapita Peru": hiyo i- ni ya safu au ya milima? Haijulikani, zote mbili huichukua. Sifa ndiyo inayofichua: "safu ndefu ya milima" si sawa na "safu ya milima mirefu".

Wala huu si ubishi wa sarufi mtupu. Kwa kuwa safu ni ndefu, Andes inaanzia kwenye joto la tropiki na kuishia kwenye barafu ya Patagonia. Kwa kuwa milima ni mirefu, pepo zenye unyevu wa Amazon humwaga mvua upande wa mashariki. Ng'ambo ya pili, milima hiyo ikisaidiana na mkondo baridi wa bahari, limebaki jangwa la Atacama. Atakayechanganya urefu huo na huu hawezi kueleza mvua wala mimea ya huko.

Darasani mlima upe kimo, mahali pape mwinuko. La Paz, jiji la Bolivia lililoko huko Andes, haina kimo. Ina mwinuko wa mita kama 3,600 kutoka usawa wa bahari. Na kama swali la mtihani liliuliza tu "milima ipi mirefu", lirekebishe kabla ya muhula ujao.