Moshi mweusi, Land Cruiser kuukuu ya dizeli
Mkuu, kama moshi ni mweusi ukipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru na oili haipungui, usikubali kufunguliwa injini eti ringi za pistoni zimeisha. Ringi zikiisha moshi huwa wa bluu. Anza na eya klina (chujio la hewa). Kisha nozo (zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini): gari likinguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza nati za paipu za dizeli zinazoingia kwenye nozo, moja moja, ukifunika kwa kitambaa (mkono mbali kabisa, dizeli ya presha hutoboa ngozi). Moshi ukipungua, nozo hiyo inadondosha badala ya kunyunyiza. Ipimwe kwa mashine, irudishwe na washa (pete ya kuziba) mpya ya shaba. Nozo zote zikiwa sawa, pampu ya dizeli inamwaga mafuta mengi. Limuru imepita mita 2,000, hewa nyepesi, fundi wa pampu apunguze mafuta kidogo.