Soksi Iliyohama

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nina kamera na watoto watatu, lakini wazo sina. Nianzie wapi?" Swali hilo nimewahi kulibeba mimi, tena kwa machozi, kwa hiyo namjibu hapa tusikie wote.

Wazo langu lilitoka kwenye kapu la nguo. Binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, aliokota soksi isiyo na mwenzake akaniuliza, "Mama, mwenzake kahamia wapi?" Hakusema imepotea. Alisema kahamia! Asubuhi yake soksi ya mistari ya baba yake ilikuwa dirishani, imejazwa pamba, imeegemea kioo, inatazama nje kama mtu anayengoja mgeni. Nikalala kifudifudi sakafuni, kamera usawa wa soksi, nikapiga. Mradi wangu wa picha za soksi zinazoishi kama watu ukawa umezaliwa.

Picha niipendayo kuliko zote ni ya soksi nyeupe ya mtoto ikitoroka kabatini kwa kamba ya kiatu, na mbili za wakubwa zikiipokea chini. Ilinila jioni nne. Soksi ilining'inia kwa uzi wa kushonea. Kamera niliifunga kwenye stendi isitikisike, nikapiga picha mbili, moja yenye soksi na moja ya kabati tupu, kisha kwenye kompyuta nikaziunganisha, uzi ukafutika.

Nilipofikisha picha 12 nilizipeleka kwenye kikundi cha wapiga picha. Mmoja niliyemheshimu sana akasema mbele ya watu, "Huu ni mchezo wa watoto. Tafuta kazi ya maana." Kamera ilikaa kabatini karibu mwaka mzima. Bado naisikia sauti yake, sitaficha.

Kilichonirudisha ni mpiga picha Mfaransa, Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa 1894. Tangu utotoni alikuwa akiwapiga picha ndugu na binamu zake wakiruka, wakianguka, wakichezea vyombo walivyojiundia. Wengi walikuja kumjua mwaka 1963, picha zake zilipotundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, naye anakaribia miaka 70. Mchezo wa watoto, eti.

Mwezi uliopita picha zangu tisa zilitundikwa kwenye maonyesho. Binti yangu, sasa ana miaka minane, alisimama akiwaeleza wageni soksi ipi ni shangazi wa ipi. Nilitoka nje nikalia.

Basi sikilizeni, ndugu zangu. Wazo mnalo ndani ya nyumba, mnalipita kila siku mkiharakia ya watu wengine. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, usiyanyooshe. Jiwekee sharti moja na ulishike. Langu ni kwamba sura ya mtu haionekani, mikono tu. Tumia mwanga wa dirisha. Mtoto akichoka, acha, hata kama picha imebaki kidogo tu. Na kazi ikiwa changa usiwaonyeshe watu ovyo. Msikilizeni mtoto, narudia, msikilizeni.

Dada uliyeniandikia, kesho wanao wakivaa viatu, kaa kimya uwasikilize. Kisha nitumie sentensi moja tu waliyoisema.